Maneno Mepesi Yaliyomshinda Mfasiri: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Msamiati wa Kiingereza

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu ukurasa mmoja wa Kiingereza na mwanafunzi aliyeusoma kwa bidii, akayatambua maneno yake karibu yote, na bado akaikosa habari iliyokuwamo. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kilinilazimisha kuiacha njia ya kufundishia msamiati niliyokuwa nimeitegemea kwa miaka mingi, na kwa sababu kosa lililojitokeza halikuwa la mwanafunzi huyo peke yake.

Mwanafunzi mwenyewe, ambaye sitamtaja kwa jina, ni mwanamke mtu mzima aliyekuwa akijiandaa kufanya kazi ya kufasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kwa maelekezo yangu alikuwa akijifunza maneno 20 kila siku. Daftari lake lilikuwa na safu mbili zilizopigiwa mstari kwa rula: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili, na pembeni alama ya vema kwa kila neno alilolikumbuka mara tatu mfululizo. Nilipomuuliza maneno hayo bila kufuata mpangilio, alijibu bila kusita. Kwa kipimo nilichokuwa nacho wakati huo, alikuwa tayari kuanza kufasiri matini kamili.

Nikamwandalia matini ya ukurasa mmoja, niliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza chepesi, nikihakikisha kwamba maneno mengi yaliyomo yamo pia katika daftari lake. Nilichagua tukio la kweli katika historia ya Marekani, nami nalieleza hapa kwa ufupi ili msomaji aweze kuyapima makosa yaliyofuata.

Taifa la Ponca, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, liliishi kandokando ya mto Niobrara, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Nebraska. Mwaka 1868, katika mkataba wa Fort Laramie, serikali ya Marekani iliiingiza ardhi ya Waponca kimakosa ndani ya ardhi iliyowapa Walakota. Badala ya kulirekebisha kosa hilo, mwaka 1877 iliwahamisha Waponca kwa nguvu hadi sehemu iliyoitwa "Indian Territory", ambayo leo ni Oklahoma. Huko wengi walikufa kwa malaria na kwa njaa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kiume wa chifu Standing Bear, ambaye kabla ya kukata roho alimwomba baba yake amzike penye mifupa ya mababu. Mwezi Januari 1879 Standing Bear, ambaye jina lake lina maana ya Dubu Aliyesimama, alianza safari ya kurudi kaskazini katika baridi kali, akiwa na watu wapatao 30 na mabaki ya mwanawe. Walifika kwa ndugu zao Waomaha, na huko wakakamatwa na askari wa Jenerali George Crook kwa amri ya serikali. Mwandishi wa habari Thomas Tibbles akaitangaza habari yao, mawakili wawili wakajitolea kuwatetea, na kesi ya Standing Bear dhidi ya Crook ikasikilizwa. Tarehe 12 Mei 1879 Jaji Elmer Dundy aliamua kwamba Mwindio, yaani mwenyeji wa asili wa Marekani, ni mtu kwa maana ya sheria, na akaamuru mahabusu hao waachiliwe.

Mwanafunzi alinirudishia tafsiri yake baada ya siku mbili, ikiwa imeandikwa kwa mwandiko safi usio na mfuto hata mmoja. Sentensi ya nne ilisomeka hivi: "Baada ya uondoaji wa mwaka 1877, Wahindi wa Ponca waliishi katika himaya ya Wahindi, na wakala aliwaonyesha nafasi mpya waliyowekewa." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro, na kila neno lililomo lilikuwa na alama ya vema kwenye daftari. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili akiisoma ataelewa kwamba kundi fulani la watu kutoka India lilipelekwa sehemu inayotawaliwa na India, likapokewa na mtu mkarimu, na likaonyeshwa viti.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni mahali ambapo hakukosea. Matini ilikuwa na istilahi ya Kilatini ya kisheria, "habeas corpus", ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake. Aliifasiri vizuri kabisa: amri ya mahakama ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze sababu ya kumshikilia. Alipata pia neno la mkataba baina ya mataifa na neno la mkalimani. Nilipomuuliza alifanyaje, alijibu kwa unyofu: "Hayo sikuyajua, Mwalimu, ndiyo maana niliyatafuta." Maneno yaliyomwangusha yalikuwa yale ambayo hakuona sababu ya kuyatafuta. Neno geni hubisha hodi, likaulizwa linatoka wapi na limefuata nini. Neno linalodhaniwa kuwa la nyumbani hupita moja kwa moja hadi ndani.

Makosa hayo hayakuwa na uzito sawa. Neno "party", alilolifasiri kuwa chama wakati matini ilimaanisha kundi la wasafiri, ni suala la kawaida la neno lenye maana nyingi, na dakika moja ilitosha kulimaliza. Neno "agent" lilihitaji maelezo kidogo zaidi, kwa kuwa wakala katika Kiswahili ni mtu anayemwakilisha aliyemtuma. Yule ofisa aliyeishi miongoni mwa Waponca aliitwa kwa Kiingereza wakala wa Waindio, ilhali aliyemtuma ni serikali na wala si Waindio wenyewe. Tulikubaliana kumwita ofisa wa serikali, tukaendelea. Maneno manne yaliyobaki ndiyo yaliyotuchukua majuma matatu.

Nianze na "Indian". Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka Atlantiki akitafuta njia ya kufika Asia, akafika katika visiwa vya Karibi, akaamini kwamba amefika pande za India, na watu aliowakuta akawapa jina la huko. Kosa la baharia mmoja likawa jina la mamilioni ya watu wa mamia ya mataifa yenye lugha tofauti, na Karibi yenyewe hadi leo huitwa kwa Kiingereza India ya Magharibi. Kiswahili kina tatizo la ziada hapa, kwa sababu neno letu Mhindi lina mwenyewe: ni mtu wa India. Vitabu vyetu vya zamani vilijaribu kutofautisha kwa kusema Wahindi Wekundu, vikiichukua pamoja na jina hilo rangi waliyopakwa watu hao na wageni waliowanyang'anya ardhi. Waandishi wengine wa Kiswahili hutumia Waindio, nami naliona hilo kuwa bora zaidi pale tunapozungumza kwa ujumla. Lakini linapowezekana, jina la taifa lenyewe ndilo linalostahili kutangulia: Mponca, Momaha, Mlakota, Mcherokee.

Mwanafunzi aliuliza kwa nini tusilifute kabisa neno la Columbus. Ni swali zuri, na jibu lake linaonyesha jinsi historia inavyokaa ndani ya msamiati. Neno hilo limo katika sheria za Marekani, limo katika jina la idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1824 na inayofanya kazi hadi leo, na wapo wenyeji wa asili wenyewe wanaolitumia kujitaja. Mfasiri hana mamlaka ya kusafisha kumbukumbu za watu wengine. Wajibu wake ni kumfanya msomaji ajue kwamba anayetajwa si mtu wa India.

Neno "reservation" lilikuwa gumu zaidi, tena kwa namna ambayo sikuitarajia. Katika daftari lilikuwa limeandikwa "kuweka nafasi", kama mtu anavyoweka nafasi kwenye ndege au hotelini. Nilipomweleza kwamba hapa ni ardhi ya Waindio iliyowekewa mipaka, alifuta na kuandika "hifadhi ya Waindio". Tuliyatazama maneno hayo kwa muda, tukayasoma kwa sauti, kisha akasema polepole kwamba hifadhi ni ya wanyama. Hakuhitaji maelezo yangu. Kwa sikio la Kiswahili, kusema kwamba watu wanaishi katika hifadhi ni kuwaweka pamoja na tembo na twiga, na kosa hilo lingekuwa baya kuliko lile la kwanza, maana la kwanza liliwafanya wasafiri tu.

Hapo nilimpeleka kwenye kiini cha neno lenyewe. Kitenzi cha Kiingereza kilichozaa nomino hiyo kina maana ya kubakiza kitu, kukiweka kando kisitolewe. Katika mikataba mingi ya karne ya 19, taifa la Waindio lilikabidhi sehemu kubwa ya ardhi yake kwa Marekani na kujibakizia sehemu ndogo. Mwaka 1905, katika kesi ya Winans iliyohusu haki ya Wayakama ya kuvua samaki katika mto Columbia, Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza wazi kwamba mkataba haukuwa zawadi ya haki kwa Waindio, bali ulikuwa utoaji wa haki kutoka kwao, na kwamba kile ambacho hawakukitoa walikibakiza. Maelezo haya yanageuza picha nzima. Anayedhani kwamba ardhi hiyo ilitolewa na serikali kwa huruma atasoma kila habari ya Waindio akiwaona kama wapangaji wasio na shukrani. Anayejua kwamba ndiyo iliyosalia katika mali yao wenyewe ataisoma habari hiyo hiyo akimwona mwenye nyumba aliyebanwa katika chumba kimoja.

Ilikuwaje basi katika Kiswahili? Tulifikiria "ardhi iliyotengwa", na kwa muda tuliipenda kwa sababu kutenga kuna sura mbili: kumwekea mtu fungu lake, na kumweka mtu mbali na wenzake. Sura hizo zote mbili ni za kweli katika historia ya ardhi hizo. Mwishowe mwanafunzi aliamua kutumia "ardhi iliyotengwa" panapozungumzwa sera ya serikali, na "ardhi waliyojibakizia" panapozungumzwa mkataba. Mimi ningechagua neno moja na kulishikilia ukurasa mzima, lakini uamuzi wake ulikuwa na hoja, nikauacha usimame.

Neno la tatu, "removal", ndilo lililotufundisha kusikiliza sauti ya anayesema. Katika Kiingereza cha kila siku, neno hilo hutumika kwa doa la nguo, jino bovu, au samani za mtu anayehama nyumba. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alitia saini sheria iliyolibeba neno hilo katika jina lake, na sheria hiyo ikafungua njia ya kuwatoa Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw, Wamuscogee na Waseminole katika ardhi zao za kusini-mashariki. Wacherokee wapatao 16,000 waliswagwa kuelekea magharibi kati ya mwaka 1838 na 1839, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 4,000 kati yao walikufa kambini na njiani. Inafaa kukumbuka kwamba hawa walikuwa watu wenye maandishi ya lugha yao wenyewe, yaliyobuniwa na Mcherokee aitwaye Sequoyah na kukamilika mwaka 1821, na kuanzia mwaka 1828 walikuwa na gazeti. Waliohamishwa waliiita safari hiyo njia ya machozi. Ofisi iliiita uondoaji.

Mwanafunzi alipendekeza "uhamisho". Nilimwambia kwamba uhamisho ni barua anayopewa mtumishi anapobadilishiwa kituo cha kazi, na mara nyingine huombwa na mwenyewe. Tukapima "kufurushwa", ambalo lina nguvu, lakini linasema waziwazi jambo ambalo ofisi ilitumia neno baridi ili isiliseme. Hapa nina msimamo: anayezungumza akiwa serikali, tafsiri ibaki na ubaridi wake, ili msomaji ausikie, anayezungumza akiwa msimulizi au mhamishwa, Kiswahili kiseme kilichotokea. Kwa hiyo katika sentensi ya nne, ambayo ni ya msimulizi, "uondoaji" ukawa "kuhamishwa kwa nguvu".

Bado nilihisi kwamba anapokea maelezo yangu kama sheria za mtihani. Nikamuuliza: mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye kamusi yake inamwambia kwamba kipande ni sehemu ndogo ya kitu, ataelewa nini akisoma kwamba mzee fulani katika Kenya ya ukoloni alivaa kipande shingoni? Alinyamaza, akaweka kalamu chini. Alijua vizuri kwamba kipande hicho kilikuwa hati ya utambulisho na ya kazi, iliyowekwa ndani ya kijisanduku cha chuma na kuning'inizwa kwa kamba, na kwamba Mwafrika aliyekutwa bila hicho aliadhibiwa. Mgeni anaweza kulijua neno, akaijua sarufi, akadhani mzee alivaa kipande cha kitambaa. "Kumbe nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo," alisema. Kuanzia hapo sikulazimika tena kumshawishi.

Neno la nne lilikuwa "person", na hili alilifasiri sawasawa. Aliandika: "Jaji aliamua kwamba Mhindi ni mtu." Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameongeza swali ambalo ndilo lililonifanya nikihifadhi kisa hiki chote: "Mwalimu, kwani kuna aliyesema si mtu?"

Ndiyo, alikuwapo. Wakili wa serikali alidai mahakamani kwamba Standing Bear hakuwa na haki ya kuiomba mahakama amri ile, kwa kuwa sheria iliitoa haki hiyo kwa mtu, na Mwindio hakuwa mtu wa kutajwa na sheria hiyo. Ili kuelewa jinsi wakili msomi alivyoweza kusimama na kutoa hoja ya namna hiyo, ni lazima mwanafunzi ajue neno lenyewe lilikuwa limepitia wapi katika nchi hiyo. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 haikuwataja watumwa kwa jina. Iliwaita "watu wengine wote", na katika kuhesabu wakazi wa kila jimbo ikawahesabu kwa sehemu tatu za tano, yaani kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu iliamua kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, marekebisho ya katiba ya mwaka 1868 yaliahidi ulinzi sawa wa sheria kwa kila mtu, na bado yakawaacha nje ya hesabu Waindio wasiolipa kodi. Kwa hiyo ifikapo mwaka 1879, neno ambalo daftari la mwanafunzi wangu lilikuwa limelimaliza kwa herufi tatu tu, m-t-u, lilikuwa uwanja wa mapambano ya takriban karne nzima.

Standing Bear aliruhusiwa kuzungumza mwishoni mwa shauri. Kwa mujibu wa taarifa zilizohifadhiwa, aliinua mkono wake na kusema kupitia kwa mkalimani kwamba mkono huo haukuwa na rangi ya mikono yao, lakini ukichomwa atasikia maumivu, na damu itakayotoka itakuwa na rangi moja na yao. Hakutumia istilahi yoyote ya sheria. Alidai utu, na hapa Kiswahili kinambeba vizuri kuliko Kiingereza, kwa sababu kwetu mtu na utu ni shina moja, na kumnyima mmoja wa pili ni jambo ambalo lugha yenyewe inalikataa.

Kisha kuna sehemu ya hukumu ambayo kila mwalimu wa msamiati angepaswa kuijua. Jaji Dundy alifungua kamusi. Alinukuu maana iliyotolewa na kamusi ya Webster: kwamba mtu ni nafsi hai, ni kiumbe kinachojitambua, ni mwanamume, mwanamke au mtoto, ni mmoja wa jamii ya wanadamu. Akaongeza kwamba maana hiyo inaonekana kuwa pana kiasi cha kumjumuisha hata Mwindio. Nimewahi kusikia walimu wakiwaambia wanafunzi kwamba kamusi haifai kitu na kwamba muktadha ndio kila kitu. Ukurasa huu unawapinga. Fasili ile ya kamusi, iliyosomwa na jaji aliyekubali kuichukua kama ilivyo, ilisaidia kuwafungua watu waliokuwa wamezuiliwa.

Hata hivyo uzito wa sentensi ya jaji haumo katika neno "person". Umo katika neno dogo "even". Mwanafunzi alikuwa amelipita bila kulifasiri kabisa, kwa kuwa aliliona kama kiungo tu. Niliomba asome sentensi yake mara mbili, mara ya kwanza bila "hata" na mara ya pili nalo. "Maana hiyo inamjumuisha Mwindio." "Maana hiyo inamjumuisha hata Mwindio." Sentensi ya kwanza ni ya kamusi. Ya pili ni ya mwaka 1879: ndani yake anasikika jaji anayetoa haki, na papo hapo jamii iliyomlea jaji huyo, jamii iliyoona kwamba kumhesabu Mwindio miongoni mwa watu ni kuunyoosha upeo wa neno hadi mwisho wake. Alilirudisha "hata" mahali pake na kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Uamuzi wenyewe, niongeze, haukuwapa Waindio uraia. Sheria ya uraia kwa wote ilikuja mwaka 1924.

Baada ya kazi hii tulibadilisha daftari. Nanukuu ingizo lake la kwanza katika umbo jipya, kama alivyoliandika: "Removal. Sheria ya 1830, Jackson. Wacherokee 1838 hadi 1839. Waponca 1877. Anayesema: ofisi. Asiyesikika: waliohamishwa. Kiswahili: kuhamishwa kwa nguvu. Si uhamisho. Jirani yake kwetu: hakuna." Ingizo moja kama hilo lilimchukua karibu saa nzima. Kutoka maneno 20 kwa siku alishuka hadi mawili, na katika juma la pili alilalamika, kwa haki, kwamba kwa mwendo huo hatamaliza. Nilikubali kwamba maneno mengi hayahitaji matibabu haya. Meza ni meza.

Kulizuka pia hatari ya upande wa pili, nayo sikuiona mapema. Aliposikia kwamba maneno yana historia, alianza kuichimba asili ya kila neno. Aliniletea kwa furaha habari kwamba neno la Kiingereza la dirisha lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia na maana yake ilikuwa jicho la upepo. Kwamba baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mnyama aliye hai aliendelea kuitwa kwa neno la wakulima Waingereza, na nyama yake mezani ikaitwa kwa neno la mabwana waliosema Kifaransa. Habari hizo ni za kweli, zinapendeza, na zinasaidia kukumbuka. Lakini msomaji anaweza kusoma riwaya nzima bila kujua chochote kuhusu jicho la upepo na asipotee hata sentensi moja. Hawezi kusoma ukurasa kuhusu Waponca bila kujua mwaka 1830. Kuna tofauti kati ya mahali neno lilipozaliwa na mambo ambayo watu walitendewa kwa kulitumia, na kwa anayesoma ili aelewe, hili la pili ndilo linalodai muda wake. Tukakubaliana kwamba ingizo refu litaandikwa tu pale ambapo neno linalojulikana linaifanya sentensi iwe ya ajabu, au iwe shwari kupita kiasi.

Nilimpima tena kwa matini nyingine fupi, kuhusu babu mmoja wa Kiindio aliyepelekwa "boarding school" akiwa na miaka saba. Katika daftari lake la zamani neno hilo lilikuwa shule ya bweni, na lilikuwa na vema. Safari hii hakuandika kitu. Aliweka alama pembeni na kuuliza: "Ya nchi gani, ya mwaka gani, na nani aliyempeleka?" Tukatazama pamoja. Nchini Uingereza, shule ya namna hiyo kwa muda mrefu imehusishwa na watoto wa tabaka la juu. Eton ilianzishwa mwaka 1440 na imewalea mawaziri wakuu wengi. Nchini Marekani, mwaka ule ule wa 1879 ambao Standing Bear alisimama mahakamani, shule ya Carlisle ilifunguliwa Pennsylvania katika kambi ya zamani ya jeshi, chini ya ofisa aitwaye Richard Henry Pratt, na huko watoto wa Waindio walinyolewa nywele, wakabadilishwa majina na kukatazwa kusema lugha zao. Ilifungwa mwaka 1918. Nchini Kanada shule za namna hiyo ziliitwa kwa jina lingine, na mwaka 2008 waziri mkuu wa nchi hiyo aliomba radhi bungeni kwa ajili yake. Kiswahili chetu, ambacho shule ya bweni ni kitu ambacho mzazi hukigharimia kwa fahari, kilikuwa karibu kumpongeza babu yule. Aliandika: "alichukuliwa na kupelekwa shule ya bweni ya serikali." Kitenzi "alichukuliwa" hakimo kwa umbo hilo katika Kiingereza, alikiweka kwa kujua anachofanya, na nilipomtaka akitetee, alikitetea.

Tulimalizia kwa kuurudia ukurasa wa kwanza. Mabadiliko mengi nimekwisha yaeleza. Moja alilifanya mwenyewe bila kuulizwa, katika sentensi ya mwisho, inayosema kwamba baada ya kuachiliwa Standing Bear alimzika mwanawe "at home", karibu na mto Niobrara. Katika rasimu ya kwanza alikuwa ameandika "nyumbani". Waponca hawakuwa tena na nyumba hapo. Ardhi ile kwa mujibu wa mkataba ilikuwa imekwisha andikwa kwa jina la wengine. Alilikata neno hilo kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: "akamzika mwanawe kwao."